Mzee Wilbert na Kilomita za Kwenye Daftari

Mzee Wilbert alifanya kazi serikalini miaka thelathini na miwili, katika idara ambayo sitaitaja, kwa kuwa mpaka leo inamlipa pensheni na yeye hapendi kuikosea adabu. Kazi yake ilikuwa kukagua miradi ya vijijini na kuandika ripoti. Kuandika, aliandika sana. Kuhusu kukagua, huwa anasema mwenyewe kwamba barabara za enzi zile zilikuwa mbovu, na kwamba mtu mwenye uzoefu anaweza kuijua hali ya kisima cha kijiji chochote akiwa amekaa zake ofisini, mradi awe na kalamu nzuri.

Nyumba yake iko Kimara, upande wa bondeni, ukuta kwa ukuta na ya kwangu. Kutoka kwetu kwenda barabara ya Morogoro kuna mpando wa kutosha kumkumbusha mtu umri wake. Mzee Wilbert hakutaka kukumbushwa. Alikuwa na gari dogo la rangi ya fedha, na gari hilo alikwenda nalo hata dukani kwa Mangi, hatua themanini kutoka getini. Nilizipima siku moja nikiwa sina kazi. Kufungua geti, kulitoa gari, kufunga geti, kwenda, kutafuta pa kugeuzia, kurudi: kiberiti kimoja kilimchukua dakika kumi na mbili.

Maradhi yalimkuta kwenye kikao cha harusi ya mpwa wake, Jumapili mchana, ukumbini. Yeye ndiye alikuwa katibu, na alikuwa akitusomea muhtasari wa kikao kilichopita. Alipofika ukurasa wa nne alinyamaza. Jasho likamtoka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji, akashika kifua, kisha akashika taya. Kamati nzima, pamoja na kamati ndogo ya ukumbi na mapambo, ilikubaliana kwa kauli moja kuwa ni gesi. Mjumbe mmoja alileta soda baridi ili acheue. Shangazi wa bwana harusi alitaka kujua kama asubuhi alikula maharage. Mimi mwenyewe, sifichi, nilipendekeza alegezewe mkanda.

Aliyepinga ni mke wake peke yake, Mama Lusungu, jina lake Demetria. Alichukua funguo za gari mfukoni mwa mumewe, akaniambia nimshike upande wa kulia, na dakika arobaini baadaye tulikuwa hospitali.

Haikuwa gesi. Mshipa mmoja unaolisha moyo ulikuwa umeziba karibu wote. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono wake mpaka moyoni, wakaupanua mshipa, wakaacha ndani yake kijibomba cha chuma cha kuuzuia usijifunge tena. Yeye alikuwa macho muda wote, na anasema alisikia madaktari wakizungumza habari za foleni ya Ubungo.

Aliporudi nyumbani, ndugu na majirani tulimpokea kwa upendo ambao ungemmaliza. Kila aliyekuja alibeba chupa ya supu ya kongoro yenye mafuta ya kuelea, au katoni ya soda, au vyote viwili. Kila aliyeondoka aliacha agizo lilelile: pumzika mzee, usiinue hata kijiko. Mzee Wilbert hakuwahi kupewa ushauri wa afya uliomwingia vizuri namna hiyo. Alihamia kwenye kiti cha barazani, na kwa wiki tatu sikumwona akisimama isipokuwa kwa sababu zisizozuilika.

Kisha hospitali ikampigia simu aje kwenye mazoezi.

Alidhani wamekosea namba. Alipofika alikuta ukumbi wenye baiskeli zisizokwenda popote, vijukwaa vya mbao vya kupanda na kushuka, na wazee wenzake kumi na mbili wamevaa raba. Msimamizi alikuwa binti mmoja mwembamba aitwaye Asifiwe, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mzee Wilbert alipolisikia jina alifurahi, maana ni jina la kwao. Akamsalimia kwa Kinyakyusa, akamuuliza ni wa wapi, akajibiwa Tukuyu, na hapo akaona mambo yameisha.

"Basi wewe ni mwanangu kabisa," akamwambia. "Sie wa nyumbani tunaelewana. Mie nimetoka kuugua moyo majuzi tu. Niandikie kwamba nimehudhuria, niende nikapumzike."

"Shikamoo baba," akasema Asifiwe. "Twende pale kwenye korido nikupime."

Kipimo chenyewe kilikuwa cha kutembea. Korido ilikuwa na urefu wa mita thelathini, kila mwisho wamesimamisha koni ya plastiki, na mgonjwa anatakiwa kwenda na kurudi kwa dakika sita huku Asifiwe akiandika. Mzee Wilbert alipata mita mia tatu na kumi. Asifiwe akamweleza kwamba moyo ni msuli kama msuli mwingine, ukilazwa unalegea; kwamba programu ni ya wiki kumi na mbili; kwamba hatakiwi kukimbia, atembee tu, aanze na dakika kumi kwa siku na kuongeza taratibu; na kwamba mwendo mzuri ni ule unaomwacha mtu aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Akipata maumivu ya kifua, asimame na kupiga simu.

"Na kutoka Kimara kuja huku ni mbali," akasema Mzee Wilbert, ambaye umbali huo hakuwahi kuulalamikia alipokuwa akienda kwenye harusi. "Kwani siwezi kufanyia nyumbani?"

Asifiwe akafikiri. Wapo waliokuwa wakifanyia nyumbani. Akampa daftari lenye mistari, akamwonyesha pa kuandika tarehe, dakika alizotembea na jinsi alivyojisikia. Arudi baada ya wiki sita.

Binti wa watu hakujua anamkabidhi nani daftari.

Nimeliona kwa macho yangu, maana baadaye alinionyesha. Ni kazi safi. Jumatatu ya kwanza: dakika kumi, hali nzuri, hakuna changamoto. Jumatano: manyunyu, lakini zoezi liliendelea kama lilivyopangwa. Wiki ya tatu: dakika ishirini na tano mpaka njia ya Bonyokwa na kurudi; changamoto, mbwa mmoja asiyefungwa; mapendekezo, mwenye mbwa aelimishwe. Kila siku aliyaandika haya akiwa amekaa kwenye kiti kilekile, miguu juu ya stuli, saa moja kasoro asubuhi, wakati Mama Lusungu yuko misa ya kwanza. Mke akirudi anamkuta ameshalowesha taulo kwa maji na kulitundika shingoni.

"Leo umefika wapi, Baba Lusungu?"

"Nimefika kwenye ule mwembe uliokatwa."

Mama Lusungu ni mtu wa kuamini, na mtu wa kuamini husimulia. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa, inayosali Alhamisi, alitoa ushuhuda: mume wake, aliyekuwa hawezi kununua kiberiti bila gari, sasa anatembea nusu saa kila alfajiri, na moyo wenyewe una chuma. Akina mama wakawageukia waume zao. Mwenyekiti wa jumuiya, Stephano, fundi wa kuchomelea mageti, akaguswa sana. Kabla ya sala ya mwisho alikuwa ameshapendekeza matembezi ya afya ya jumuiya nzima, Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliofuata, na kiongozi wa msafara awe Mzee Wilbert. Hoja ikapita. Mzee Wilbert alishukuru kwa heshima aliyopewa, na mimi niliyekaa karibu naye niliona mikono yake ikitafuta kitu cha kushika.

Wiki ya sita ikafika. Akapiga pasi shati, akachukua daftari, akaenda hospitali. Asifiwe alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza habari za yule mbwa.

"Vizuri sana baba. Sasa twende koridoni."

Siku hiyo waliwapima wawili wawili ili kuokoa muda, na mwenzake alikuwa Bi Hamisa, mama wa Chamazi anayeuza vitumbua mbele ya nyumba yake. Huyu hakuwekewa kijibomba. Yeye alipasuliwa kifua na kuunganishiwa mishipa mipya iliyotolewa mguuni, miezi minne kabla. Alikuwa amevaa dera, raba za kijani na mtandio, na kovu lilianzia chini ya koo.

Wakaanza. Dakika ya kwanza walikwenda sambamba. Dakika ya pili Bi Hamisa akawa mbele. Dakika ya tatu alimpita akiwa anarudi, wakapishana kama watu wa safari tofauti. Mara ya pili walipopishana alimtazama usoni.

"Kaka, unaumwa?"

"Hapana," akasema Mzee Wilbert, na neno hilo moja lilimaliza pumzi yote aliyokuwa nayo.

Dakika ya nne alisimama. Akaegemea ukuta, mdomo wazi. Asifiwe akaja mbio, akamkalisha, akampima mapigo, presha, akambandika waya za kupima moyo. Moyo haukuwa na tatizo. Mshipa ulikuwa wazi, kijibomba kiko mahali pake. Kilichokosekana ni mtu aliyetembea. Alikuwa amepata mita mia moja na tisini na tano. Bi Hamisa, ambaye aliendelea mpaka mwisho kwa kuwa hakuna aliyemwambia asimame, alipata mia nne na ishirini, na kisha akaja kuketi pembeni yake akijipepea kwa ncha ya mtandio.

"Mie nilifunguliwa kifua kama kuku," akasema bila ubaya. "Wewe si walikutoboa mkono tu?"

Asifiwe akamwomba Bi Hamisa awapishe kidogo. Akalifungua daftari tena, akalisoma kimya, akalifunga.

"Baba, daftari limetembea kilomita nyingi," akasema. "Tatizo ni moyo, haujui kusoma."

Mzee Wilbert aliniambia kwamba hapo alikuwa na majibu matatu tayari. La kwanza, hali ya hewa. La pili, kipimo kina kasoro. La tatu, kwamba huyu ni mtoto wa Tukuyu na anatakiwa kuwa na adabu kwa wakubwa. Yote matatu yaliwahi kumfaa kazini. Lakini alipofungua mdomo lilitoka lingine.

"Naogopa," akasema.

"Unaogopa nini?"

"Niko peke yangu njiani, asubuhi, watu hawanijui. Kifua kikinikamata tena kule, je? Nikianguka watasema mlevi, wataniruka. Kila nikifika getini miguu inakataa. Narudi kukaa. Nikikaa naona bado nipo."

Mtu aliyekuwa amekaa barazani kwangu akimcheka jirani yake kwa uvivu ni mimi, na sikujua jambo hili mpaka aliponieleza. Nilidhani ni mvivu tu. Ni mvivu, hilo silifuti. Lakini mvivu naye anaogopa kufa, tena anao muda mwingi wa kulifikiria.

Asifiwe hakumpa hotuba. "Wengi wanaogopa, baba," akasema. "Karibu wote mnaopita hapa. Tofauti ni kwamba wewe ulituandikia ripoti." Kisha akamwinua, akamshika kiwiko, wakatembea korido ile polepole, mita thelathini kwenda, thelathini kurudi, huku akimfundisha kujipima mapigo kwa vidole viwili chini ya kidole gumba. Walipomaliza mizunguko minne akamuuliza anaumwa wapi. Hakuumwa popote. Ilimshangaza sana, yeye aliyekaa wiki tisa akisubiri kupasuka.

Akapangiwa kuja ukumbini mara tatu kwa wiki, safari hii bila kuuliza umbali. Siku nyingine atembee kwao, lakini si peke yake. "Mama nyumbani yupo?" Asifiwe akauliza. Yupo. "Anajua?" Hajui. "Basi mwambie wewe, kabla sijampigia."

Jioni hiyo alimkuta Mama Lusungu jikoni anachambua mchicha. Akaweka daftari mezani.

"Soma hili."

Mama Lusungu akanawa mikono, akavaa miwani, akasoma. Mwanzoni alitabasamu, maana aliyajua yote, alishayasimulia kwenye jumuiya. Kisha akamwona mumewe amesimama mlangoni kama mtoto aliyevunja glasi, na tabasamu likaisha.

"Yote?"

"Yote."

"Hata mbwa?"

"Hata mbwa."

Akarudi kwenye mchicha. Walikula kimya, akaosha vyombo kimya, na Mzee Wilbert anasema afadhali angetukanwa. Wakati wa kulala ndipo alipozungumza.

"Nilimshukuru Mungu kwa uongo wako, Wilbert. Kwa sauti, mbele za watu." Alimwita kwa jina, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Lusungu azaliwe. "Kesho siendi misa ya kwanza. Naenda na wewe. Jumapili ipo."

Asubuhi wakatoka pamoja. Kwa dakika kumi na tano walitembea, yeye mbele, mke nyuma, kama walivyotembea siku zote tangu ujana wao. Kwenye mpando pumzi ikamwishia, akapunguza, na Mama Lusungu akamfikia na kwenda naye bega kwa bega. Hapo akamshika mkono, kwa sababu ya mpando, anasema.

Sisi majirani, tuliokuwa tumeyasikia matembezi bila kuyaona, tulilipokea jambo hili kwa ukomavu wetu wa kawaida. Siku ya kwanza tulisema gari limekufa. Siku ya tatu tulisema limeuzwa. Wiki ya pili mama mmoja wa nyuma yetu aliapa kwamba pensheni imesimamishwa na kwamba wawili wale wanakwenda kwa mguu kumwona mganga Bonyokwa. Watu wawili wenye gari kutembea bila kwenda popote, tena kwa hiari, hatukuwa na neno la kuliita.

Ukumbini nako alipata mwalimu wa pili asiyelipwa. Bi Hamisa alichukua baiskeli iliyo jirani na ya kwake, na kazi ya kumsema. Akipunguza mwendo anamuuliza kama amefika kwenye mwembe, maana habari za daftari zilishaenea ukumbi mzima. Alimfundisha pia kwamba supu ya kongoro anaweza kuiacha ipoe na kuengua mafuta, na kwamba mtu akileta soda apokee, ashukuru, ampe mgeni anayefuata. Mzee Wilbert alianza kumwogopa kuliko alivyouogopa moyo wake.

Jumamosi ya matembezi ya jumuiya ikafika. Waliojiandikisha walikuwa ishirini na sita. Waliotokea ni saba, pamoja na mimi, niliyekuja kwa sababu nyumba yangu ipo njiani na nisingeweza kujificha. Stephano alikuwa amenunua suti ya michezo na filimbi. Kabla ya kuondoka akamwomba kiongozi wa msafara atoe neno la kututia moyo.

Mzee Wilbert akasimama mbele yetu na raba zake. Mama Lusungu akawa anatazama chini.

"Mie niseme ukweli," akasema. "Zile wiki sita mlizosimuliwa, sikutembea hata siku moja. Nilikaa barazani nikaandika. Nimeanza juzi tu, wiki nne hizi, baada ya kuumbuka hospitali."

Kisha Stephano akapiga makofi, na wote tukapiga. "Mnaona?" akasema, machozi yakimlengalenga. "Mnaona unyenyekevu? Mtu kafanya makubwa, lakini anajishusha. Tujifunze hapo."

Mzee Wilbert akajaribu tena. Alisema kweli alidanganya, alisema daftari lipo, aje mwenye kutaka alione. Tukamcheka kwa mapenzi, tukamwambia mzee una utani wewe. Mwisho akamtazama mkewe, na mkewe akainua mabega. Akapuliza pumzi, akageuka, akaanza kutembea, na sisi tukamfuata.

Alituambia tuanze polepole. Stephano hakusikia, alikuwa na filimbi. Kwenye kona ya pili tulimkuta amekaa kwenye ngazi za duka la dawa, kola wazi, uso umembadilika, na mwenye duka anampepea kwa boksi. Mzee Wilbert akachuchumaa mbele yake, akamuuliza kama kifua kinabana, kama taya linauma, akamshika chini ya kidole gumba kwa vidole viwili na kutazama saa yake. Hakikubana. Ilikuwa pumzi tu na suti mpya. Lakini alimkalisha robo saa, na Jumatatu alimpeleka mwenyewe kwa gari akapimwe presha, ambayo ilikutwa juu kiasi cha kumnyamazisha mwenyekiti wetu kwa wiki nzima.

Kipimo cha wiki ya kumi na mbili Mzee Wilbert alipata mita mia nne na arobaini. Bi Hamisa alipata mia nne themanini na tano, na hakuliacha lipite. Asifiwe akampa cheti kilichopigwa muhuri, akamwambia kwamba programu imeisha lakini kutembea hakuishi. Dawa anakunywa. Nyama ya mbuzi bado anaitazama kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa. Mara moja moja hofu humrudia, hasa akiamka na gesi ya kweli. Basi hukaa kitandani, akajipima mapigo, akamwamsha mkewe, na mkewe humwambia avae raba.

Wiki iliyopita nilikuwa nafagia mbele ya geti nikawaona wanatoka. Walikuwa wanagombana. Mama Lusungu alitaka njia ya Suka, kwa kuwa huko yuko mtu ambaye yeye anamdai mbegu za mboga. Mzee Wilbert alitaka ya Bonyokwa, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Wakabishana mpaka njia panda. Pale Mama Lusungu akashika yake bila kugeuka, na yeye akashika yake, mikono nyuma, kifua mbele, kama mkaguzi. Alikwenda hatua kama ishirini. Kisha akasimama, akatazama nyuma, akageuza, na kuanza kuharakisha kumfuata mkewe, ambaye hakuonekana kupunguza mwendo.